Matundu ya sindano kwenye koti la mvua

Mimi ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa 19 nakata, nashona, napunguza na kupanua nguo za watu hapa Kampala, na ukinifumba macho ukanipa kitambaa, nitakuambia kwa vidole tu kama ni pamba, polista au mchanganyiko. Nalitaja hili mapema ili aibu yangu uielewe vizuri. Kilichonigeuza njiani kwenye milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, ni kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Nimezaliwa Kilembe, chini ya milima hiyo, kwenye kambi ya mgodi wa shaba. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 1956, na ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimi nilikuwa bado mtoto wa kubebwa. Baba alibaki kwenye nyumba ya kambi kama wenzake wengi, akisubiri siku utakapofunguliwa. Watu pale walitoka kila upande, ndiyo maana Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya kuteka maji na ya kugombana. Tukishuka Kasese sokoni alfajiri, mara chache mawingu yakiwa yameamka vizuri, tuliona weupe kule juu. Mimi niliamini ni chumvi ya Katwe imepandishwa huko ikauke. Hakuna aliyenikosoa kwa miaka mingi.

Wakonzo, wenye milima, theluji wanaiita nzururu, na ukilitamka Rwenzururu, jina lao la milima hii, unasikia imekaa humo ndani. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 ukabeba sehemu kubwa ya Kilembe pamoja na nyumba tuliyokulia, nikajiambia siku moja nitapanda nikaone maji yale yanatoka wapi. Siku hiyo ilichukua miaka. Biashara, ada za watoto, msiba wa baba. Mwaka jana mdogo wangu, mwalimu wa michezo kwenye shule ya msingi, miaka 31, kifua kama mlango, akasema: "Dada, ama twende mwaka huu, ama tuache kuongea."

Tukaenda.

Mpango wetu ulikuwa njia ya Kilembe, siku nane kwenda na kurudi: kambi za Sine, Mutinda na Bugata, kuvuka njia ya Bamwanjara kati ya milima, kisha kambi ya Hunwick's, kambi ya chini ya kilele, na tukijaliwa, kilele chenyewe, Margherita, mita 5,109. Huo ndio mlima wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya, na tofauti na hiyo miwili, huu umejificha kwenye mvua karibu mwaka mzima. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Tulilipia Agosti mwanzoni.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipotokea, na halikutokea mlimani. Muhula wa tatu wa shule hapa kwetu unafungua Septemba, na Agosti ndio msimu wangu wa sare. Nilikuwa na oda ya sare za shule mbili. Nikasogeza safari wiki ya kwanza, nikasogeza ya pili, nikaja kuondoka Agosti imeisha. Nilijiambia kuwa mvua haina kalenda ya kuninunia mimi kwa siku kumi. Ukipanga safari hii, panga biashara kuizunguka, usipange safari kuizunguka biashara. Na kama siku zimepita, sogeza hadi Desemba. Pesa yangu ya malipo ya awali ingehamishwa bila tatizo, niliuliza baadaye.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Kwa watu wawili, kuanzia nauli ya basi hadi bahasha ya mwisho ya wapagazi, ilitutoka kama milioni 4 na laki 6 za Uganda. Sehemu kubwa ni malipo ya hifadhi, kiongozi, wapagazi na chakula. Vifaa vya kiufundi, yaani mabegi ya kulalia, meno ya chuma ya kufunga kwenye buti na kamba, tulikodi. Nguo tukasema tutanunua soko la Owino, maana nani atanifundisha mimi kununua mivumba, yaani mitumba?

Nilinunua vizuri na vibaya kwa siku hiyo hiyo. Sweta mbili za sufu halisi, moja shilingi 15,000, nyingine 12,000 kwa sababu ilikuwa na tundu la nondo. Hizo ziliniokoa. Suruali za ndani za polista za mazoezi, nzuri. Soksi nene za sufu jozi tatu, ningenunua sita. Gambuti, yaani buti ndefu za mpira, kila mmoja jozi yake, kwa sababu Rwenzori watu hawatembei na viatu vya mlimani vya picha za majarida, wanatembea na gambuti kama wakulima wa mpunga. Tope linafika gotini. Hapa nitoe ushauri mmoja: zijaribu ukiwa na soksi mbili miguuni, na utembee nazo mjini hata watu wakikucheka. Mimi nilivaa zangu kwenda Nakasero sokoni siku ya jua kali, na muuza nyanya akaniuliza kama kuna mafuriko huko nilikotoka.

Vibaya: nilichukua jinzi mbili. Ndiyo, mimi. Nilifikiri jinzi ni ngumu, itahimili miba na mawe. Pamba ikilowa inashika maji kama godoro na inachukua siku kukauka, na hilo nalijua kuliko jina langu, lakini maarifa ya dukani hayakutaka kupanda basi nami.

Na baya kuliko yote ni koti la mvua. Nilipata moja zuri sana la kizungu, la bluu iliyoiva, kwa shilingi 70,000. Lilikuwa kubwa mabegani na mikono ilifika kwenye kucha. Mtu mwingine angevaa hivyo hivyo. Mimi nikalilaza mezani, nikafumua mishono ya mabega, nikapunguza sentimeta nne kila upande, nikakata mikono, nikashona upya kwa sindano namba 16. Likanikaa kama limetumwa kutoka kiwandani kwa jina langu. Ndani, juu ya kila mshono, palikuwa na ukanda mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa joto. Nikauona kama takataka za kiwandani. Niliubandua ili sindano ipite vizuri.

Basi la Kampala hadi Kasese lilitula karibu siku nzima. Usiku huo tulilala Kilembe, mita kama 1,450, nikisikia mto Nyamwamba ukikokota mawe yake gizani.

Kiongozi wetu alikuwa Mkonzo wa umri wa kuwa baba yangu mdogo. Jina lake naliacha, nitamwita Mzee kama nilivyomwita huko. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kongo, maana ujana wake aliuza vitu Mpondwe mpakani. Asubuhi ya kwanza alitufungulisha mabegi yote kwenye nyasi, akapita akiangalia kama mama mkwe. Jinzi alizishika kwa vidole viwili.

"Hizi, mama, zitabaki hapa."

Nikabaki na moja. Nilimwambia ni ya kambini tu. Akacheka bila kufungua mdomo. Kisha akatoa makavera, mifuko ya plastiki, mazito meusi, akatupa mawili kila mtu, akasema neno ambalo ningekuwa na akili ningelitarizi kwenye kofia: "Nguo za kulalia zinaingia humu. Suruali moja, sweta moja, soksi moja, kofia. Hizi ni za usiku. Mchana hata ukifa, huzivai."

Siku ya kwanza ni msitu, jasho na ndege. Sine ni karibu mita 2,600, unalala na sweta moja tu. Siku ya pili unaingia kwenye mianzi, halafu kwenye miti iliyovaa ndevu za kijivu mpaka chini, kila tawi limefungwa mito ya moss, kimea kifupi laini kama kiti cha sherehe. Mvua ilianza saa nane mchana na haikuonyesha dalili za kuchoka. Kufika Mutinda, zaidi ya mita 3,500, nilihisi kitu cha baridi kama uzi kikishuka kutoka bega la kushoto kuelekea kwapani. Baadaye uzi wa pili, kulia. Nilijua papo hapo. Kila tundu la sindano yangu lilikuwa mlango, na nilikuwa nimetoboa mia kadhaa kila bega. Sikumwambia mtu. Ningewaambia nini?

Laiti ningesema. Kambini Mutinda kulikuwa na mshumaa, na baadaye nilijifunza kuwa nta ya mshumaa ikisuguliwa kwenye mshono mkavu na kupitishwa karibu na moto inaziba kiasi cha kukutoa siku mbili tatu. Kulikuwa pia na makavera ya kutosha kutoboa tundu la kichwa na kuvaa juu ya koti kama wapagazi wanavyofanya. Aibu yangu ndiyo iliyolowa kwanza, halafu mimi.

Siku ya tatu tulipanda bonde la Namusangi kwenda Bugata. Hapo tope si tope la kawaida. Ni kinamasi chenye vichuguu vya majani, unaruka kutoka kichuguu hadi kichuguu, na kila unapokosea mguu unazama na kutoka na sauti ya busu. Pembeni kuna lobelia zimesimama kama minara, na ile mimea mikubwa yenye vichwa vya kabichi juu ya shina la mti. Ni pazuri ajabu, na mimi sikupaona vizuri kwa sababu nilikuwa nahesabu mahali palipolowa kwenye mwili wangu. Mabega, mgongo, kiuno. Nilikuwa nimevaa jinzi. Usiniulize kwa nini. Suruali ya polista ilikuwa imechanika kwenye goti Mutinda na sikutaka kuishona kwa mikono iliyoganda. Fundi!

Nilivyorudi Kampala niliipima ile jinzi kwenye mzani wa jirani anayeuza maharage. Kavu: gramu 640. Nikailoweka, nikaikamua mara moja kama mtu aliyechoka anavyokamua: kilo 1 na gramu 700. Hiyo ndiyo niliyoipandisha hadi mita 4,060. Uzito wenyewe si hoja kubwa. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Kwa hiyo mtu mwenye jinzi iliyolowa ni sawa na mtu aliyefunga kanga ya maji baridi kiunoni anaposafiri juu ya pikipiki usiku. Ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6. Kasese mchana ulikuwa nyuzi 30. Hesabu mwenyewe, halafu weka upepo.

Usiku ule Bugata kelele za mvua juu ya bati zilikoma ghafla, kama mtu amezima redio. Nikadhani imekatika. Nilitoka kwenda haja kama saa tisa usiku, na tochi ya kichwani ikaangaza kitu kinachoshuka polepole, hakina haraka wala sauti. Nilinyoosha kiganja. Kilitua, kikawa na umbo kwa muda wa kupepesa jicho, kikawa tone. Nilifuta kiganja kwenye ulimi. Haikuwa chumvi.

Sitakudanganya, nililia kidogo. Baba alifanya kazi chini ya mlima huu na sidhani kama aliwahi kuishika.

Asubuhi kila kitu kilikuwa cheupe: njia, mawe, vichwa vya kabichi, paa la jikoni. Mzee alitoka, akatazama, akatema mate pembeni. Alisema theluji ya kulala chini namna hii huitarajia Oktoba au Novemba, si sasa. Akapendekeza tukae siku moja pale pale, tukauke, tuizoee hewa. Mdogo wangu alikuwa na maumivu ya kichwa tangu jioni lakini alimeza panado akasema yuko fiti. Mimi nikapiga hesabu ya siku na ya pesa: siku moja ya ziada ni chakula na posho za watu kumi. Nikasema twende.

Naomba uiangalie hesabu hiyo. Niliokoa shilingi laki tatu hivi na nikapoteza milioni nne.

Halafu nikafanya kosa ambalo hata sasa nikilikumbuka nashika shavu. Nguo zangu za kutembelea zilikuwa zimeganda. Si kulowa, kuganda: jinzi ilisimama yenyewe ukutani kama mtu asiye na kiwiliwili. Kuivaa ile asubuhi kunahitaji roho, unaivaa ikiwa gumu, inalainika kwa joto la ngozi yako, na dakika 15 za mwanzo ni mateso matupu. Mzee alikuwa ametuambia ndivyo kunavyofanywa: vaa vilivyolowa, tembea haraka, vya usiku virudi kwenye kavera. Nilingoja aende jikoni. Nikavaa suruali ya usiku, sweta ya usiku, soksi za usiku. Nikajisikia binadamu. Mdogo wangu akaniona, akafanya hivyo hivyo.

Kutoka Bugata unapanda kuelekea njia ya Bamwanjara, mita 4,450. Mawe yenye theluji juu na maji chini yanateleza kuliko sabuni, na gambuti si rafiki wa mwamba. Tulitembea saa mbili. Theluji ikageuka mvua ya barafu, ikageuka theluji tena, na matundu yangu yakafungua milango yote. Sweta ya usiku ililowa kuanzia mabegani. Sufu, nikiri, hata ikilowa bado inakupa kitu. Kama ingekuwa pamba nisingekuwa naandika.

Nilikuwa nyuma ya mdogo wangu, hivyo niliona kabla sijaelewa. Alianza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Nikampa pakiti ya biskuti, akaizungusha mikononi kama kitu kigeni, akashindwa kuichana, akanirudishia akitabasamu. Nikamuuliza kitu, akajibu kwa maneno yaliyoviringana kama ya mlevi. Na alikuwa ameacha kutetemeka. Nikafurahi! Nikadhani amepata joto.

Mzee alirudi kutoka mbele, akamtazama usoni, akashika zipu ya koti lake, akamwambia, "Ifunge." Akashindwa. Mzee hakuuliza swali la pili. Aliwaambia wapagazi kwa Kikonzo, wakageuka wote kama kundi la ndege.

Kwa hiyo shika hili, na mfundishe unayesafiri naye: kutetemeka ni jambo jema, mwili bado unapigana. Mikono ikikosa kazi ndogo, miguu ikianza kujikwaa, ulimi ukiwa mzito, na zaidi ya yote kutetemeka kukikoma wakati bado kuna baridi, hapo hakuna mjadala wa kilele. Na mgonjwa mwenyewe usimuulize, atakuambia yuko sawa. Mdogo wangu aliniambia mara tatu.

Kurudi Bugata ni picha zilizokatika katika kichwa changu. Ninachokikumbuka vizuri ni bandani. Mzee alimvua mdogo wangu nguo zote kama mtoto, hakuna haya. Akatuuliza ziko wapi nguo kavu. Nikanyamaza. Akalifungua kavera langu, likiwa limekunjwa vizuri, na ndani hamna kitu. Hakufoka. Alinitazama tu kwa muda, na ningependa angefoka.

Mpagazi mmoja, kijana ambaye pengine ana nusu ya umri wangu, akavua sweta yake kavu na suruali yake ya kulalia akampa. Yeye akabaki na blanketi. Wakamwingiza kwenye begi la kulalia, begi la pili juu, chupa mbili za maji ya moto zimefungwa soksi, moja kwapani, moja tumboni, si miguuni wala mikononi. Kiini cha mwili kwanza. Akiweza kumeza, chai yenye sukari mpaka iwe kama dawa ya kikohozi. Hakumsugua. Hakumweka karibu na moto mkali. Pombe ilikatazwa kabisa, ingawa mmoja wetu alikuwa na kichupa cha waragi na nia njema.

Baada ya saa moja hivi akaanza kutetemeka tena, meno yakigongana kama cherehani iliyokosa mafuta. Sijawahi kupenda sauti kama ile.

Baridi ikamtoka, lakini kichwa hakikumtoka. Jioni alitapika chai. Hayo sasa yalikuwa ya hewa nyembamba, jambo lingine kabisa lililokuwa limejificha nyuma ya baridi. Hapa nguvu za mwili hazikusaidii. Mimi mwenye mwili wa miaka 45 na nyama za kiti nilikuwa salama, mwalimu wa michezo akalala chali. Kanuni wanayoitumia wengi ni kwamba ukipita mita 3,000, kitanda chako kisipande zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa siku. Sisi kutoka Sine hadi Mutinda tulipanda karibu mita 1,000 kwa siku moja, kama ratiba nyingi za siku nane zilivyo. Nikirudi nitalipia siku mbili zaidi, moja Mutinda. Na nitamwona daktari mapema kuhusu vidonge vya asetazolamaidi, kwa sababu vina masharti, hasa kwa wenye mzio wa dawa za salfa, na si vya kuazimana kambini. Dawa halisi ni kushuka. Alfajiri iliyofuata tulishuka.

Mutinda, mdogo wangu alikula. Sahani ya posho na mukene, yaani ugali na dagaa, akaomba nyingine. Kwa tofauti ya mita mia tano hivi alikuwa mtu mwingine, anataka mpira.

Mambo madogo niyamalize hapa kabla sijasahau. Simu ilizima Bugata ikiwa na asilimia 40; baridi inaua betri, lala nayo kwenye begi pamoja na betri za tochi. Chupa ya maji usiku igeuze kichwa chini, maji huanza kuganda juu, na asubuhi mdomo utakuwa wazi. Maharage makavu usibebe, maji huko juu yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, utayapika mchana kutwa na yatabaki risasi. Beba karanga, sukari, tangawizi. Bia za kujipongeza, sijui nani alitushauri, zilirudi zimepasuka. Helikopta isikae kwenye mipango yako, ukungu hauruhusu. Ukianguka unabebwa mabegani na watu, kwa hiyo waheshimu watu hao kuanzia siku ya kwanza, na kabla hujaondoka tazama wamevaa nini.

Mimi sikutazama. Jioni ile Mutinda ndipo nilipoliona koti la yule kijana aliyetoa nguo zake: limepasuka kuanzia kwapa hadi kiunoni, limefungwa kwa kamba ya katani. Nikaomba anipe. Nilikuwa na sindano na uzi wa nailoni, fundi hasafiri bila hivyo. Nilishona kwa mkono karibu na jiko, hatua ndefu ili matundu yawe machache, nikakunja ukingo mara mbili maji yapite juu, nikasugua nta ya mshumaa kwa ndani na nje mpaka uzi ukapotea. Kisha nikatoa koti langu la bluu nikafanya hivyo hivyo mabegani. Mzee alikuwa amekaa anatazama. Akashika mshono, akageuza ndani, akaona nilipobandua ule ukanda.

"Nani alikuharibia koti hili, mama?"

"Fundi mmoja wa Kampala," nikasema.

"Usirudi kwake."

Alfajiri tulipanda Mutinda Lookout, mimi na yeye, mwamba wenye moss na kamba kidogo, karibu mita 3,975. Mawingu yalikuwa chini yetu, halafu yakapasuka. Huko chini kulikuwa na Kasese, na ng'ambo yake ziwa George limelala kama bati jipya. Nilijaribu kutafuta mahali hasa tulipokuwa tukisimama na baba sokoni. Mbali mno, yote ni vumbi na mng'ao. Nyuma yetu kilele hakikuonekana.

Kuhusu kilele, sijui kama kitanisubiri kikiwa na weupe wake. Waitaliano wakiongozwa na Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, walipofika juu Juni 1906, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu ya kudumu. Leo hiyo barafu imebaki mabaki tu, hasa kwenye mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita, na Mzee alituonyesha kwa mkono mahali alipokanyaga barafu akiwa kijana, sasa ni mwamba mtupu. Theluji iliyotugeuza ilikuwa imeyeyuka yote kufikia saa nne.

Mdogo wangu anasema harudi. Mimi nimeanza kuweka akiba kwa ajili ya Januari ya mwakani, na yule kijana mpagazi nimemtumia sweta mbili za sufu kwa basi.

Wiki iliyopita dukani aliingia mteja na koti la mvua, jipya, anataka lipunguzwe mabega. Nikaligeuza ndani, ukanda uko mahali pake kwenye kila mshono. Nikamuuliza analivaa kwenda wapi. Akasema ni mwendesha boda, kila siku, mvua na jua. Nilimrudishia, nikamwelekeza kibanda cha Owino wanachouza saizi ndogo. Akaondoka amenuna, na shilingi 10,000 zangu zikaondoka naye.